Mapaa Matatu ya Hina

Asubuhi, kabla mafundi hawajafika, nilizoea kufungua bomba lililo karibu na lango na kusubiri. Maji ya chuo yalisukumwa kutoka ziwani hadi kwenye tangi kubwa juu kilimani, kisha yakateremka yenyewe kwenda kila jengo, na usiku hewa ilipenya kwenye mabomba. Kwa hiyo bomba lilianza kwa kuhema. Lilikohoa, likanyamaza kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, likatema maji ya rangi ya chai, halafu yakaja maji yenyewe, ya baridi, yenye harufu ya mbali ya mawe na samaki. Hapo nilijua mahali pote pameamka, nami nikaanza mzunguko wangu.

Nilikuwa mkuu wa matengenezo ya majengo. Chuo kilikuwa kikubwa, kimetandazwa mteremkoni juu ya Bangwe, na ukisimama langoni huoni mwisho wake. Mabweni yalishuka kwa vidato kuelekea ziwani. Juu yake zilikuwapo kumbi za mihadhara, maktaba, karakana, na jiko lenye sufuria ambazo mtu mzima angeweza kukaa ndani yake akaoga. Wanafunzi wakiwepo, palikuwa na kelele kama sokoni. Wakiondoka kwa likizo ndefu ya kiangazi, palibaki upepo, kunguru na sisi. Moshi wa mbuga zilizochomwa ulichanganyika na utusitusi wa ziwa, milima ya ng'ambo ikapotea kabisa, na maji na mbingu vikawa na rangi moja ya majivu. Nilipotembea barazani siku hizo nilihisi kana kwamba chuo kimeng'oka nchi kavu na kinaelea polepole, wala hakuna aliyeona.

Wengi hudhani kazi hii ni kutengeneza kilichovunjika. Kila fundi mpya alipokuja nilimweleza, bila haraka, kwamba jengo halivunjiki ghafla. Huanza kusema mapema. Husema kwa doa la maji ukutani lenye umbo la wingu, kwa mlango unaogoma kufungika wakati wa mvua tu, kwa dari inayoshuka kidogo mahali pamoja. Weka kiganja ukutani asubuhi, niliwaambia. Ukuta mzima una joto lake, na ukuta uliokunywa maji una ubaridi wa mtu anayetetemeka kwa homa. Walicheka. Baada ya muda niliwaona nao wakipita huku viganja vyao vikiteleza ukutani, kama watu wanaompapasa ng'ombe.

Nyapara wangu alikuwa mtu wa Ujiji, wa kanzu na kofia kila Ijumaa, mwenye maneno mengi na mkono mzuri wa rangi. Fundi bati alikuwa Muha kutoka Simbo, mwembamba, anayepanda paa kama anapanda kitandani kwake, asiyesema mpaka achokozwe. Wote wawili walinizidi umri. Mimi ndiye niliyewaamkia, nao wakaniita Mama. Hawakukaa muda mrefu bila kutupiana maneno. Nyapara alidai Waha wamejifunza Kiswahili juzi kwa ajili ya kudai mshahara. Fundi bati alijibu kwamba watu wa Ujiji wamekijua zamani, na ndiyo maana hawana muda wa kufanya kazi.

Walikuwa na desturi moja niliyoikuta na sikuiondoa. Hawakuyaita majengo kwa vibao vilivyoandikwa milangoni. Nyumba ya pampu waliiita Mwenye Pumu. Maktaba ilikuwa Bwana Harusi, kwa sababu ilipakwa rangi kila mgeni mkubwa alipotarajiwa. Na bweni moja la zamani, kubwa kuliko yote, lililokaa katikati ya mabweni mengine, waliliita Bibi. Mabweni ya jirani yalikuwa na mabati mazuri yaliyofifia kidogo tu, bado yanarudisha jua. Bibi aliezekwa kwa mabati ya mkumbo mwingine, membamba, na paa lake lote lilikuwa limeliwa na kutu. Kutoka ziwani lilionekana kama kichwa cha bibi kizee wa Ujiji aliyepaka mvi zake hina. Nyapara ndiye aliyelipa jina hilo, na hakuna aliyeweza kuliita vingine tena.

Miaka ile watu walikuwa wanavuka ziwa kutoka ng'ambo, wakikimbia vita. Walifika kwa boti za mizigo, kwa mitumbwi ya kuvulia dagaa, wengine wakiwa wamesimama njia nzima kwa kukosa nafasi ya kukaa. Walishuka na magodoro, mabeseni, mashine za kushonea, kuku waliofungwa miguu. Kutoka hapo walipelekwa kambini kwa malori, mbali na ziwa, lakini malori hayakutosha, na sehemu za kusubiria zilijaa. Uongozi wa chuo ukakubali kutoa mabweni ya chini kwa muda wa likizo. Nikaambiwa nihakikishe maji, vyoo na milango. Kwa hiyo kiangazi kile kumbi zilizozoea usingizi zilijaa moshi wa jikoni, vilio vya watoto wachanga, nyimbo za kunong'ona za asubuhi katika lugha ambazo nilizielewa nusunusu, kama mtu anayesikia maneno akiwa bado usingizini.

Ndani ya Bibi alikaa mwanamke mmoja kutoka ng'ambo, na watoto wawili wadogo. Nilimjua kwa sababu ya mahali alipokaa. Kila nilipopita alikuwa kwenye ngazi za mlango wa upande wa ziwa, mtoto mdogo mapajani, macho yake pale ambapo milima ingekuwapo kama utusitusi ungeondoka. Nilimsalimu, akaitika kwa sauti ya chini. Siku moja nilikaa kando yake nikiwa nangoja fundi wa vyoo, na akanieleza bila kuulizwa. Yeye na watoto walitangulia. Mume wake alibaki nyuma kwa ajili ya mama yake, mzee ambaye alikataa kuondoka nyumbani kwake mpaka abembelezwe. Walikuwa wamekubaliana kwamba atafuata. Lakini atafuata wapi? Malori yalikuwa yanakwenda kambi tofauti tofauti, na alikwisha kuwaona wanawake waliopoteana na waume zao kwa sababu ya siku moja tu ya kutofautiana. Yeye mwenyewe angekuwa amekwisha kuondoka, isipokuwa mtoto mdogo alishikwa na homa, na wauguzi wakasema angoje lori la baadaye.

Kwa hiyo alikuwa ametuma neno. Alimpa mwenye boti mmoja, na mwingine tena, na mwingine, yeyote aliyerudi upande ule. Neno lenyewe lilikuwa fupi ili lisiharibike njiani: nipo kwenye nyumba kubwa yenye paa la kutu, moja peke yake, katikati ya mapaa yanayong'aa.

Nilitazama juu. Nilikuwa nimelitazama paa lile kwa miaka kama kazi iliyocheleweshwa. Sikuwahi kulitazama kama anwani.

Mvua ya kwanza ilikuja alfajiri, mapema kuliko kawaida. Nilipofika nilikuta watu wa Bibi wamesimama wamejibana kando ya kuta, magodoro yamesimamishwa wima, na katikati ya ukumbi maji yanashuka kwa nyuzi nyembamba toka darini, zinang'aa, karibu nzuri kutazama. Watoto walikuwa wanapitisha mikono kwenye nyuzi zile. Mtoto mdogo wa yule mwanamke alikuwa amelazwa kwenye dirisha, mahali pekee pakavu, na mama yake amemkingia khanga.

Stoo kulikuwa na mabati mapya yaliyongoja fundi na nafasi. Sikuhitaji kufikiri. Mvua ilipokatika nikamwita fundi bati na watu wake, ngazi zikaegemezwa, na misumari ya kwanza ikaanza kung'olewa kwa ule mlio wake wa kuumwa jino. Hapo yule mwanamke akatoka nje, akasimama chini ya ngazi, akaishika kwa mikono miwili.

Fundi bati alimwambia kwa upole asogee, asije akaangukiwa. Hakusogea. Akanigeukia mimi.

"Mama, acheni. Musilitoe."

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyowaeleza mafundi, hatua kwa hatua: kwamba kutu haisimami, kwamba tundu la leo ni kama punje ya mtama na baada ya mvua nyingine litapita kidole, kwamba mtoto mwenye homa hawezi kulala kwenye unyevu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikivu sana.

"Hayo yote naelewa," akasema. "Watoto ni wangu, nami ndiye niliyemukinga mvua. Lakini nimetuma neno, Mama. Nimesema paa la kutu. Mukiweka jipya liwe kama yale mengine, bwana yangu ataniona namna gani?"

Fundi bati alikuwa amekaa juu ya kofia ya paa, kileleni, nyundo magotini. Nilikaa kwenye ngazi za mlango. Ziwa lilikuwa limetulia baada ya mvua, na milima ya ng'ambo ilikuwa imejitokeza ghafla, ya buluu, karibu sana, kama imevuka nayo alfajiri ile. Nilikuwa nimezoea kuambiwa nipake, niezeke, nizibe. Nilikuwa sijawahi kuombwa niache jengo lionekane lilivyo.

Kisha nikakumbuka jambo la kawaida kabisa. Bati linalopakwa rangi hupewa kwanza rangi ya chini, ile ya kuzuia kutu, na rangi hiyo yenyewe ni nyekundu ya udongo. Ukiitazama kutoka mbali huwezi kuitofautisha na kutu. Tulikuwa nayo madebe mengi. Nikamwambia yule mwanamke kwamba tutaweka mabati mapya, asilowe tena yeye na watoto, na juu yake tutapaka rangi ile. Paa litabaki jekundu, moja peke yake, katikati ya mapaa yanayong'aa. Alifikiri, akauliza kama ninaahidi. Nikamwahidi. Akaiachia ngazi.

Nilikwenda kwa bwana utawala, mtu mwema aliyependa vitu vifanane, nikamweleza kwamba rangi ya chini ni kinga nzuri. Akakubali, mradi kabla wanafunzi hawajarudi paa limalizwe kwa rangi ya fedha kama mengine. Sikubisha. Niliona muda upo.

Lakini bati jipya lina tabia moja. Lina utelezi wake toka kiwandani, na rangi haishiki. Unapaka leo, baada ya wiki linajichuna kama ngozi iliyochomwa na jua. Ama uliache lizoee mvua na jua kwa msimu mzima, ama ulioshe kwa kitu kikali. Dawa niliyofundishwa zamani ni siki. Nikatuma Ujiji, kwa wanawake wanaotengeneza achari za maembe na ndimu, wanipe siki yote waliyonayo. Nyapara aliyekwenda aliniletea madumu na maneno. Wale wanawake walikuwa wameuliza chuo kinafanya nini na siki kiasi kile. Mmoja, mwenye ulimi mkali, alitaka kujua kama tumeamua kuwatia wanafunzi achari ili wasiharibike likizoni. Nyapara aliwasimulia habari nzima, ya Bibi, ya yule mwanamke, ya neno lililotumwa. Hakuwa mtu wa kubeba habari nusu.

Siku ya kuosha mabati imebaki kichwani mwangu kama kitu nilichokiota. Tulitandaza mabati kwenye majani yote ya uwanja wa chini, safu kwa safu hadi karibu na maji, na mbingu ikalala ndani yake, mawingu yakipita kutoka bati hadi bati. Sikuwa nimeomba msaada wa mtu. Wanawake wa mabweni walitoka wenyewe na vitambaa, wakapiga magoti, wakaanza kusugua. Harufu ya kachumbari ilipanda mteremko mzima hadi maktaba. Nilipita katikati yao nikiwaonyesha: sugua kwa kufuata mgongo wa bati, usiache siki ikakauka yenyewe, suuza kwa maji mengi, halafu acha jua limalize. Walishika haraka. Mmoja alianza wimbo wa kutwanga, wengine wakauitikia, na mikono yote ikaenda na kurudi juu ya mawingu. Yule mwanamke alisugua kuliko wote. Alisugua akitabasamu kidogo, macho chini, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda.

Baada ya siku chache Bibi alikuwa na paa zima, kavu, jekundu la kupendeza. Nyapara alishuka kutoka juu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akalitazama.

"Tumempaka hina mpya," akasema. "Sasa hata akiolewa tena hakuna wa kushangaa."

Ndipo pampu ikafa. Mwenye Pumu alikohoa mara ya mwisho asubuhi moja, na chuo kizima, pamoja na watu wote wa mabweni, wakabaki kuteka maji ziwani kwa ndoo. Kipuri hakikupatikana mjini. Nikapanda treni kwenda Tabora kukitafuta, nikamwachia nyapara kazi: mifereji ya paa, milango ya vyoo, na kusafisha brashi. Nilimwambia pia kwamba rangi iliyobaki irudishwe stoo.

Niliporudi, nikiwa na kipuri kimefungwa kwenye kitenge kama mtoto, nilishuka stesheni, nikapata lifti ya gari la chuo hadi kona ya Bangwe ambapo mabweni yote huonekana kwa pamoja. Nilikuwa na usingizi wa safari. Nilitazama mteremko nikafumba macho, nikatazama tena. Kulikuwa na mapaa matatu mekundu.

Mafundi walikuwa wamejipanga mbele ya bweni, wananisubiri, na nyuso zao zilikuwa na ule mng'ao wa watu wanaongoja sifa. Bweni la kulia la Bibi na bweni la kushoto yalikuwa yamepakwa rangi ile ile, kwa usafi kabisa, bila tone ukutani. Nyapara akaniambia wasafiri wa Tabora tunarudi wembamba. Akaniuliza habari za njiani. Mwishoni hakuweza kungoja zaidi, akaelekeza kidole juu.

Nikamuuliza, taratibu, kwa nini.

Akanieleza kama jambo ambalo lingemwelea mtoto. Rangi ilibaki madebe kadhaa. Vitambaa vilikuwepo, wanawake walikuwa na nguvu, mabati ya mabweni yale mawili yalikwisha kuzoea mvua na hayakuhitaji siki. Na tangu lini, Mama, hina ikapakwa mtu mmoja? Bibi harusi akipakwa, na wanawake waliomzunguka wanapakwa, dada zake, majirani, hata aliyekuja kuazima ungo. Ukimpaka peke yake unamfanya mkiwa. Walitaka furaha ya yule mwanamke ionekane. Na kama paa moja litamvuta mume wake, basi matatu si yatamvuta zaidi?

Sikuwa na hasira. Niliketi juu ya sanduku la vifaa, nikachukua mawe kumi hivi meupe ya njiani na jiwe moja jekundu, nikayapanga chini. Nikamwambia aonyeshe lile ambalo mtu angeliletea kwa kuambiwa tu, lete jiwe jekundu. Akaonyesha jekundu. Nikaokota mengine mawili mekundu, nikayaweka kando yake. Nikamwambia aonyeshe tena.

Mkono wake ulibaki hewani. Ulizunguka juu ya mawe yale matatu, akaurudisha.

"Nilimwambia," akasema fundi bati kutoka nyuma. "Mtu wa Ujiji ukimwachia debe la rangi, ushukuru hajakupaka na wewe."

"Na mikono yako je?" nyapara akamjibu, lakini bila nguvu. "Mbona myekundu hadi kwenye viwiko?"

Fundi bati akaitazama mikono yake, akaificha nyuma.

Yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nadhani alikuwa amelijua kosa tangu brashi ya kwanza ilipogusa paa la pili, lakini angewaambia nini watu wanaomfanyia wema? Nikamwambia tutayarudisha yale mawili, tutapaka rangi ya fedha. Stoo hatukuwa nayo bado, ilikuwa imeagizwa. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza tu lori lake ni lini. Mtoto alikuwa amepona, na wauguzi walikuwa wamemweka kwenye safari ya wiki ile ile. Akaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa za mvua nyembamba isiyosikika. Ziwa lilionekana na kupotea. Nilifunga kipuri, maji yakapanda tena, nikasimama karibu na bomba langu kila asubuhi, lakini sikulisikiliza vizuri; macho yangu yalikuwa chini, kwenye boti zilizojitokeza nje ya ukungu na kuingia tena bila kugeuza pua kwetu. Nyapara alipungua maneno. Jioni alirudi Ujiji na kuketi barazani na wenzake, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubeba habari nusu, akawasimulia na hili. Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Wakampa jina la Fundi Hina. Watoto walimwimbia njiani. Wale wanawake wa achari walimwambia awapake na wao vichwani, wana mvi. Asubuhi alinisimulia haya kwa uchungu, nami nikamtia moyo, nikamwambia mji unaomcheka mtu ni mji unaompenda. Alisema angependa wampende kidogo.

Siku iliyotangulia siku ya lori, nyapara hakufika kazini kwa wakati. Ilikuwa mara ya kwanza. Ukungu ulikuwa mzito hata paa la Bibi halikuonekana kutoka mlangoni kwake mwenyewe. Nilikuwa langoni nikizungumza na mlinzi niliposikia baiskeli ikisukumwa juu ya kilima, na nyapara akatokea akihema, kofia imelowa. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mtu mwembamba mwenye koti la mvua lililochanika, amekumbatia mfuko.

"Samahani, Mama," nyapara akasema. "Nimepata abiria."

Nilielezwa baadaye jinsi ilivyokuwa. Boti ilikuwa imekosa njia ukunguni na kushusha watu Ujiji. Yule mtu hakuona paa la aina yoyote. Alitembea kutoka ufukoni hadi sokoni, na kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kuuliza, aliuliza nyumba yenye paa la kutu. Wa kwanza aliyemuuliza alikuwa yule mwanamke wa achari mwenye ulimi mkali. Akamwambia kutu imekwisha, siku hizi ni hina, tena ni tatu, na kabla hajaelewa akawa ameshikwa mkono anapelekwa nyumbani kwa Fundi Hina, na nusu ya soko nyuma yake.

Tulishuka naye, mimi, nyapara, na mafundi waliokuwa wanaweka vyombo chini mmoja mmoja na kufuata bila kuitwa. Yule mwanamke alikuwa akikunja nguo za safari barazani. Aliinua kichwa. Hakukimbia, wala hakulia. Alimtazama mume wake toka miguuni hadi kichwani, kama mtu anayehakiki, kisha akatazama nyuma yake, kwenye ukungu, akitafuta mtu mwingine mfupi, anayetembea polepole.

"Na Mama?" akauliza.

Mume wake alitikisa kichwa. Akaufungua mfuko, akamtolea kitenge cha yule mzee, kimekunjwa vizuri. Alikipokea kwa mikono miwili. Wakakaa chini kwenye ngazi, bega kwa bega. Watoto walikuja, wakasimama mbali kidogo, kisha karibu. Mkubwa ndiye aliyemgusa baba yake kwanza, kwenye kiatu.

Ukungu ulianza kuinuka. Yule mtu akatazama juu, akayaona mapaa yakijitokeza, la kwanza, la pili, la tatu.

"Ulisema moja," akasema.

"Walizidisha," akajibu mke wake.

Nyapara aligeuka akaenda kukagua mfereji ambao alikwisha kuukagua.

Waliondoka kwa lori la kesho yake, wote pamoja. Rangi ya fedha ilifika baada ya hapo, na bwana utawala akanikumbusha kwamba wanafunzi wanakaribia kurudi. Asubuhi ya kazi ilikuwa kavu na safi, milima ya ng'ambo imesimama wazi, na ziwa limelala kama bati lililooshwa. Ngazi ziliegemezwa kwa Bibi. Fundi bati alikuwa amefungua debe la kwanza na kuanza kulikoroga kwa kijiti, na rangi ilizunguka ndani yake, nyeupe, nzito, nzuri.

Wanawake walitoka mabwenini. Walitoka kwa Bibi, wakatoka bweni la kulia na bweni la kushoto, wale wale waliosugua mabati na siki. Wengine walikuwa wamefika baada ya siku ile na sikuwajua. Wakasimama mbele yangu, wakasukumana kidogo, mpaka mmoja, mwanamke mwenye umri kuliko wote, akachaguliwa na wenzake aseme.

"Shikamoo, Mama."

Alinizidi umri kwa mbali, lakini sikumkatiza. Nikaitikia, nikamwuliza kuna nini.

"Na sisi tumetuma neno," akasema. "Wote. Kaka zetu, waume zetu. Tumewaambia mapaa matatu ya hina. Wakifika Ujiji waulize tu, watu wanayajua."

Fundi bati aliacha kukoroga, na nyapara alikuwa ananitazama. Nilifikiri maneno ambayo ningemweleza bwana utawala, na mpangilio wake, nikianza na kinga ya mabati, kwa sababu hiyo aliipenda, kisha mvua, kisha hili lenyewe, ambalo halikuwa na jina katika kazi yangu. Ingechukua muda. Nilikuwa na muda.

Nikamwambia fundi bati afunike debe, nikapanda mteremko kwenda ofisini kwa bwana utawala.